Runinga ya Dani na Makambi ya Homa Bay

Kila asubuhi Caren alitoka jikoni na vikombe viwili vya uji. Kimoja kilikuwa chake. Kingine kilikuwa cha mama mkwe wake, Roselyn. Lakini hapo nyumbani, karibu na soko la Rangwe, hakuna aliyesema Roselyn. Kila mtu alimwita Dani, yaani nyanya kwa Dholuo. Hata wauza mboga wa rika lake walimwita Dani, naye aliitika bila kinyongo.

Mwezi wa pili Dani aliteleza kwenye matope akavunjika nyonga. Alitibiwa, akarudi nyumbani na fremu ya chuma ya kutembelea. Sasa aliweza kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake sebuleni. Kupanda gari na kukaa kwenye benchi siku nzima hakuweza.

Hilo ndilo lililomuuma. Dani ni Msabato. Kila mwezi wa nane Wasabato hukusanyika juma zima kuomba, kufundishwa na kuimba. Mkutano huo huitwa makambi. Dani hakuwahi kukosa makambi tangu usichana wake. Tena kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyeanzisha wimbo wa akina mama wa Rangwe siku ya Sabato. Akishika mstari wa kwanza peke yake, wengine wote wanafuata.

"Mwaka huu ataanzisha nani?" Caren alimuuliza.

"Susana."

"Susana anaimba vizuri, Dani."

"Anaimba vizuri, lakini anaanzia juu. Ukianzia juu, mkifika kiitikio mtapanda wapi? Kwa mabati?"

Caren alicheka. Dani hakucheka. Alikunywa uji wake na kuangalia mlango.

Mume wa Caren aliitwa Japheth. Alikuwa mfanyabiashara wa njugu. Alizinunua Migori, akaziuza Rangwe na Homa Bay. Jioni moja alirudi na habari.

"Mama, kanisa limetangaza. Makambi ya Homa Bay yataonyeshwa kwa intaneti, moja kwa moja. Utaona kila kitu ukiwa hapa hapa."

Alimpa Dani simu yake, akamfungulia video ya makambi ya mwaka uliopita. Dani aliisogeza simu karibu na pua. Kisha akaiweka mbali. Kisha akaisogeza tena.

"Hawa ni watu ama ni siafu?"

"Ni watu, Mama. Huyu hapa mbele ni wewe."

"Mimi?" Dani alikaza macho sana. "Sijioni."

Machozi yalimlengalenga. Aliona haya, akarudisha simu na kusema moshi wa jikoni umezidi. Moto wa jikoni ulikuwa umezimwa zamani.

Usiku ule Japheth aliamua. "Nitanunua TV. Kubwa. Ya smart. Jumanne nikienda Migori narudi nayo."

"Kwanza tumuulize Nyasuguta," Caren alisema.

"Kumuuliza nini? Kununua TV ni kama kununua njugu. Unaangalia, unalipa, unabeba."

Hapo Japheth alijidanganya. Hata njugu zenyewe yeye hazinunui kwa kuangalia. Hufungua gunia, huchota kutoka katikati, hutafuna, hutema, ndipo anapotoa pesa. Lakini mtu akishatamani kitu husahau hata kazi yake mwenyewe.

Caren hakubishana. Kesho yake alipita dukani kwa Nyasuguta Machuki. Nyasuguta alikuwa fundi wa kike wa redio na runinga pale Rangwe. Kwao ni upande wa Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Alipofungua duka, wateja walimkuta ameshika kifaa cha kuchomelea waya, bado wakamuuliza, "Fundi yuko wapi?" Siku hizi hawaulizi.

"Mama Bevi, usijali," Nyasuguta alimwambia Caren, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Jumanne nitampigia simu akiwa huko huko dukani."

Jumanne Japheth alikuwa amesimama katika duka moja mjini Migori, mbele ya runinga ya inchi sitini na tano. Muuzaji aliitwa Ombati. Alikuwa na maneno matamu.

"Mzee, hii ukiweka kwako, majirani watakuita chifu."

Japheth alitabasamu. Wanaume na inchi, hayo ni mambo ya kuombewa. Mara simu yake ikalia.

"Baba Bevi, ni Nyasuguta. Uko mbele ya TV gani?"

"Sitini na tano! Ni kama ukuta!"

"Kiti cha Dani kiko hatua ngapi kutoka ukutani?"

Japheth alifumba macho akahesabu. "Tatu."

"Hatua tatu na inchi sitini na tano, mama atageuza shingo kama anaangalia mpira. Atachoka kabla ya mahubiri kuisha. Na TV kubwa inakula umeme zaidi. Kwa sebule yenu, arobaini au arobaini na tatu inatosha kabisa. Ziko?"

Ombati alileta moja ya inchi arobaini na tatu. Kartoni ilikuwa na kibandiko chekundu kilichoandikwa SMART.

"Iko, na ni ya smart," Japheth alisema kwenye simu. "Imeandikwa."

"Kibandiko mtu yeyote anaweza kubandika. Wewe njugu unanunua kwa kusoma gunia?"

Japheth aliondoa macho kwenye kibandiko.

"Mwambie aiwashe," Nyasuguta aliendelea. "Kisha iunganishe na intaneti ya simu yako. Kama ni TV janja ya kweli, itaona simu yako na itafungua video. Kama si janja, itabaki kukuangalia."

Ombati aliiwasha. Ikaonyesha picha nzuri za milima na maua. Japheth alitafuta mahali pa intaneti. Hakukuwa na mahali. Kulikuwa na tundu la kuchomeka flashi tu.

"Hizo picha za maua ziko ndani ya flashi," Nyasuguta alisema. "Hiyo ni TV ya kawaida. Si mbaya, lakini makambi hutayaona hapo."

Japheth alimgeukia Ombati. "Wewe uliniambia hii ni ya smart."

"Kibandiko kilikuja hivyo, mzee," Ombati alisema, akikwaruza ndevu. "Ngoja nikuletee ile yenyewe."

Ile yenyewe ilikuwa kwenye rafu ya juu. Iliwashwa, ikaunganishwa na simu ya Japheth, ikafungua video bila shida. Nyasuguta hakumwachia hapo. Alimuuliza kama TV hiyo ina king'amuzi ndani yake, ili waweze kuona stesheni za bure kwa antena bila kununua kisanduku kingine. Ilikuwa nacho. Alimwambia alinganishe namba iliyo mgongoni mwa TV na ile ya kwenye kartoni. Zilifanana. Alimwambia ahesabu vitu vya ndani: rimoti, miguu miwili, skrubu zake. Skrubu zilikosekana, Ombati akazitafuta kwenye droo hadi akazipata.

"Sasa risiti," Nyasuguta alisema. "Iandikwe tarehe na hiyo namba ya TV. Karatasi ya waranti igongwe muhuri. Bila tarehe, waranti ni karatasi ya kufungia njugu."

"Dada, wewe ni mkali kuliko mke wangu," Ombati alisema, maana simu ilikuwa kwenye spika.

"Asante," alijibu Nyasuguta.

Nje, wapakiaji walikuwa wakijaza pikapu magunia ya njugu. Japheth aliwaambia wailaze kartoni chini, magunia yaje juu yake, ili isiibwe wala isirukeruke. Bahati nzuri simu ilikuwa haijakatwa.

"Baba Bevi! Nimesikia nini? Kioo cha TV hakilazwi! Isimame wima, ikae kati ya magunia, na hakuna kitu juu yake."

Kwa hiyo runinga ilisafiri kutoka Migori ikiwa imesimama, imeshikwa na njugu kushoto na kulia. Ilifika Rangwe salama.

Alhamisi alasiri Nyasuguta alikuja na mfuko wake wa vyombo. Kwenye kona ya sebule kulikuwa na runinga ya zamani, ile ya mgongo mrefu. Ilikuwa imekufa miaka mingi, lakini ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Kilikuwa kimewekwa kwa heshima kama cha meza ya Bwana.

"Hicho nilifuma mimi," Dani alisema kutoka kwenye kiti chake. "Na kwa hii mpya nimefuma kingine. Kirefu zaidi."

"Ni kizuri sana, Dani," Nyasuguta alisema. "Tutaona mahali pake."

Japheth alitaka runinga mpya ikae mkabala na dirisha. Nyasuguta alimwomba akae kwenye kiti cha Dani aangalie kioo kilichozimwa.

"Unaona nini?"

"Naona dirisha. Na kuku."

"Kesho kutwa asubuhi Dani ataona kuku wakihubiri."

Waliihamishia ukuta wa upande. Nyasuguta aliiweka kwenye meza imara, kioo kikiwa usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Aliacha nafasi ya kiganja kizima kati ya mgongo wa TV na ukuta.

"Ina joto," alieleza. "Joto hutokea kwenye haya matundu ya nyuma. Ukiyaziba, inajipika yenyewe."

Kisha alitoa kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani. Watu hukiita gadi. "Umeme wetu ukikatika huenda ukarudi kwa nguvu. Gadi hii hungoja kwanza umeme utulie, ndipo iupeleke kwa TV. Lakini haizuii radi. Mama Bevi, ukisikia radi inakuja kutoka ziwani, chomoa waya wa umeme na waya wa antena pia. Zote mbili."

"Hata kama ni katikati ya taarifa ya habari?" Japheth aliuliza.

"Hata kama wanataja jina lako."

Aliiwasha. TV iliuliza lugha, ikauliza nchi, kisha ikauliza kama iko dukani au nyumbani. Nyasuguta alimpa Caren rimoti.

"Bonyeza wewe."

"Mimi? Nitaharibu!"

"Nani atabaki na Dani siku ya Sabato?"

"Mimi."

"Basi bonyeza wewe. Hapa chagua 'nyumbani'. Ukichagua 'dukani' inawaka kwa mwanga mkali sana, inaumiza macho na kula umeme."

Caren alibonyeza. Japheth aliwasha hotspoti kwenye simu yake. Jina la simu likatokea kwenye TV. Caren aliandika nywila, herufi moja moja kwa rimoti, na mara ya pili ikakubali.

"Skiza sana hapa," Nyasuguta alisema. "TV hii haina intaneti yake mwenyewe. Inachota kwa hii simu. Simu ikiondoka, kisima kimeondoka. Na bando ni la hii simu. Picha kali sana inamaliza bando haraka. Ingia hapa kwenye alama ya gurudumu, chagua 480. Picha itakuwa safi ya kutosha na bando litafika jioni."

Caren alirudia kimoyomoyo. Gurudumu. Mia nne themanini.

"Na hii TV ikikuuliza jambo usilolijua, usikubali tu. Ikisema inataka kusikiliza mazungumzo ya nyumba, kataa. Hata hivyo itafanya kazi. Na ujumbe wowote ukiuliza namba ya siri ya pesa za simu, huyo ni mwizi. TV haihitaji PIN yako ya pesa."

Wakati huo Dani alikuwa ameinuka taratibu kwa fremu yake. Alikuwa na kitambaa kipya mkononi. Alikitandaza juu ya runinga, akakinyoosha vizuri. Maua yake meupe yalining'inia hadi chini ya kioo. Akarudi nyuma akakitazama kwa furaha.

"Sasa hiyo ni nyumba ya watu," alisema.

Caren alibonyeza rimoti kuongeza sauti. Hakuna kitu. Alibonyeza tena kwa nguvu. Hakuna kitu.

"Nilisema nitaharibu!"

Japheth alichukua rimoti, akaipiga kwenye kiganja, akatoa betri, akazirudisha. Bado. Nyasuguta alikuwa ameketi akitabasamu.

"TV ina jicho," alisema. "Liko hapa chini, katikati. Rimoti huongea na hilo jicho. Mmelifunga kitambaa." Alikiinua kidogo. "Bonyeza sasa."

Sauti ilipanda mara moja. Japheth alirudisha kwenye redio betri alizokuwa ameshazitoa ili azijaribu kwenye rimoti.

Dani alikunja uso. "Kwa hivyo TV ikae uchi mbele ya wageni?"

"Ikae uchi ikiwaka, Dani. Ikizimwa na kupoa, ifunikeni mnavyotaka, vumbi lisiingie."

"Nimefuma wiki tatu."

"Najua, Dani. Pole." Nyasuguta alisema hivyo kwa dhati, maana mama yake pia hufuma.

Dani alikichukua kitambaa chake, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. Nyasuguta alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Dani, kuna jambo moja zaidi. Matangazo ya intaneti hukawia. Jambo likifanyika Homa Bay sasa, wewe utaliona hapa baada ya nusu dakika, pengine zaidi."

"Kwa hivyo wakisema amina, mimi bado niko kwa maombi?"

"Ndiyo."

"Basi nitawaombea waliosahau," Dani alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Nyasuguta alipokuwa akiondoka, alimshika Caren mkono mlangoni. "Mama Bevi, kesho fanya mazoezi bila mimi. Fanya kama itakavyokuwa Sabato. Watu wale wale, vitu vile vile. Usingoje siku yenyewe."

Ijumaa asubuhi Japheth aliondoka na watoto kwenda Homa Bay. Alikuwa katika kamati ya kuongeza mahema ya siku ya Sabato. Caren alifua, akapika chakula cha Sabato, akamwogesha Dani. Kwa Msabato, jua likizama Ijumaa kazi na ununuzi vyote vinakoma. Hakuna kwenda dukani, hakuna kununua bando.

Saa tisa alasiri alikumbuka mazoezi. Alichomeka waya, akawasha gadi, akangoja taa yake ya kijani. Akawasha TV. Akafika mahali pa intaneti. Akatafuta jina la simu.

Jina halikuwapo.

Alizima akawasha. Alitazama mgongo wa TV. Aliinamia jicho lake. Kisha akaketi kwenye mkono wa kiti na kushika kichwa. Simu ya Japheth ilikuwa Homa Bay, ndani ya mfuko wa Japheth. Kisima kilikuwa kimeondoka.

"Nini, nyathina?" Dani aliuliza. Nyathina ni mwanangu. Dani alimwita hivyo alipomwona ana shida.

Caren hakutaka kumwambia. Lakini Dani alikuwa ameshaangalia kioo cheusi, ameshaangalia uso wa Caren, na ameshaelewa.

"Si kitu," Dani alisema polepole. "Mwaka ujao nitakuwa na miguu." Akaanza kukunjua kitambaa chake ili aifunike runinga.

Hilo Caren hakuweza kulivumilia. Alichukua simu yake ndogo ya vibonyezo, ile ambayo watu huita kabambe, akampigia mumewe.

"Japheth, una simu yako?"

"Si unaongea na mimi?"

"Hiyo ndiyo intaneti ya mama! Umebeba makambi ya mama kwa mfuko!"

Nyuma yake zilisikika nyundo zikigonga vigingi vya mahema.

"Uuui," Japheth alisema. "Lakini Caren, simu naihitaji. Biashara yangu yote iko hapa."

"Kesho ni Sabato. Utauza njugu kanisani?"

Sauti ya nyundo ikaanza kufifia; alikuwa ameshaanza kutembea.

"Nakuja," alisema Japheth.

Alifika kwa pikipiki saa kumi na moja na nusu, vumbi hadi kwenye nyusi. Kabla hajaingia alisimama kwa wakala barabarani, akanunua bando la kutosha siku nzima. Jua lilikuwa bado juu ya miti, lakini si juu sana. Alinyoosha mkono kuchukua rimoti.

"Acha," Caren alisema. "Nitafanya mimi. Wewe kaa ukiangalia."

Alichomeka simu kwenye chaji, kwenye meza ile ile ya TV, mahali ambapo hakuna mtu angeihamisha. Aliwasha hotspoti. Aliunganisha. Aliingia kwenye ukurasa wa kanisa. Alibonyeza alama ya gurudumu, akachagua 480. Mazoezi ya kwaya ya vijana yalikuwa yakiendelea Homa Bay wakati huo. Yakatokea kwenye kioo, makubwa na safi. Dani alisogea mbele kwenye kiti.

"Yule si Wesley wa kwa Irine? Amenenepa!"

Japheth alimpa Caren nywila ya kufungulia simu, ili isije ikajifunga yenyewe na kuwaacha nje. Caren alimpa kabambe yake.

"Chukua hii. Tukikosa kitu, nitakupigia kwa ile simu ndogo ya Dani."

Japheth alipanda pikipiki akarudi. Jua lilipozama Rangwe, nyumba ilikuwa imefagiwa, chakula kimeiva, na kila waya ulikuwa mahali pake.

Asubuhi ya Sabato Dani aliamka kabla ya kuku. Alidai sare yake ya akina mama wa Dorkas, chama cha wanawake wa kanisa. Caren alimwambia hakuna atakayemwona.

"Mimi nitawaona," Dani alijibu. "Siwezi kuwaangalia wenzangu wamevaa na mimi niko na khanga."

Alivaa. Alikalia kiti chake, Biblia juu ya kitambaa chake kilichofumwa, kitambaa juu ya magoti. Simu yake ndogo ilikuwa kando. Caren aliwasha kila kitu kwa utaratibu ule ule wa jana. Uwanja wa Homa Bay ukajaa sebuleni. Mahema meupe, miavuli, watoto, na maelfu ya watu. Dani aliwataja mmoja mmoja kila walipopita. Fulani amezeeka. Fulani amekopa kofia ya dada yake.

Kama saa tano hivi mchungaji alikuwa bado akitoa matangazo kwenye runinga. Simu ndogo ya Dani ikalia.

"Mama, ni Japheth. Akina mama wa Rangwe wako mbele."

"Hawako mbele! Ninaangalia! Mchungaji anaongea!"

"Dani, runinga inakawia," Caren alisema, na papo hapo akapunguza sauti ya TV. "Huko wamefika. Sikiza simu."

Kwenye simu ikaja sauti nyingine. Ilikuwa ya Susana.

"Roselyn, mimi nimekataa. Siwezi kuanzisha wakati wewe uko hai. Naiweka simu hii kwa maikrofoni. Watu wote wanangoja. Anzisha."

Dani alimtazama Caren. Kwa miezi sita hakuwa ameimba hata jikoni.

"Nitaanzia wapi?" alinong'ona.

"Chini," Caren alisema. "Mahali pako."

Dani alishika fremu ya chuma akainuka. Caren aliiwahi Biblia, kitambaa kikaanguka sakafuni. Alileta simu mdomoni, akavuta pumzi, akaanza. Sauti ilikuwa na mikwaruzo mwanzoni. Kisha ikashika. Aliimba mstari wa kwanza peke yake, chini na taratibu, kama alivyofanya miaka thelathini. Akanyamaza. Ndani ya simu ile ndogo wakaitikia wanawake wote wa Rangwe, kwa kishindo hadi spika ikapasuka sauti.

Caren alikuwa analia waziwazi. Hakusingizia moshi. Alinyoosha rimoti kuelekea jicho la TV, akaongeza sauti.

"Dani, weka simu chini. Tazama."

Kwenye kioo Susana alikuwa ndiyo kwanza anapanda jukwaani na akina mama nyuma yake. Alimwondolea mchungaji maikrofoni kwa adabu. Alichukua simu kutoka kwa Japheth, akaongea nayo kidogo, akaiinua juu watu waione, akaishikilia kwenye maikrofoni. Uwanja mzima ukatulia. Na katika ule utulivu, kutoka kwenye spika za Homa Bay hadi sebule ya Rangwe, ikatoka sauti ya mwanamke mzee ikianzisha wimbo.

Dani alisikiliza akiwa amesimama. Alisikiliza kama fundi anavyokagua kazi ya mtu mwingine. Akina mama waliingia, wimbo ukapanda, wakafika kiitikio, na nafasi ya kupanda ilikuwepo tele.

"Umeona?" alimwambia Caren. "Hakuna aliyegonga mabati."

Kisha akafungua kinywa akaimba nao tena tangu kiitikio hadi mwisho.